Kunyanyua pikapu: Mambo ya kujua kabla ya kununua springi na matairi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

UKIINGIA Ngarenaro asubuhi kutokea upande wa soko la Kilombero, utasikia nyundo kabla hujaiona gereji yenyewe. Kata hii, ambayo jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi, ni mahali ambapo fundi wa chini ya gari, muuza vipuri na mziba pancha wanafanya kazi ubavu kwa ubavu. Miongoni mwa kazi zinazoletwa hapo na wenye pikapu, ipo moja inayozua ubishi kuliko nyingine: kunyanyua gari na kulivisha matairi makubwa.

Wapo wanaofanya hivyo kwa urembo tu, na hao makala haya hayawahusu sana. Lakini mkoa wa Arusha una sababu zake. Lami inayotoka mjini kwenda Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu inakoma katika lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro, umbali wa kilomita 160 hivi. Baada ya hapo ni vumbi, mawe na mikunjo ya barabara inayofanana na bati. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, anapita kwenye majivu na mawe ya volkano. Anayefuata vitunguu Mang'ola, mfugaji wa Longido na mwenye duka anayepeleka bidhaa kwenye minada ya vijijini, wote wanakutana na udongo mweusi ambao wakati wa masika hugeuka gundi. Kwa watu hawa, sentimita tano za nafasi chini ya gari zinaweza kuamua kama mzigo utafika sokoni au utaozea njiani.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo hiyo ikifanywa vibaya hulifanya gari kuwa hatari zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani. Gari lililonyanyuliwa lina uzito juu zaidi, hivyo hupinduka kwa urahisi zaidi. Na pikapu za vijijini, kama kila mkazi wa mkoa huu alivyojionea siku za mnada, hazibebi magunia peke yake. Juu ya magunia wamo watu.

Springi hainyanyui difu

Lipo jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui, na muuza vipuri hana haraka ya kuwaeleza. Springi ndefu hunyanyua bodi na chesi. Ekseli ya nyuma na difu yake hubaki palepale, kwa kuwa zimekaa juu ya magurudumu na si juu ya springi. Kinachoweza kuinua difu ni tairi pekee, na hata hilo huinua kwa nusu tu ya urefu lililoongeza. Mwenye gari anayelalamika kwamba difu yake inagonga mawe, kisha akauziwa seti ya springi, ametibiwa ugonjwa ambao haukuwa wake.

Faida ya springi iko kwingine: pembe ya kupandia na kushukia mitaro huwa bora, tairi kubwa hupata nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza matope, na chesi huacha kugonga vizuizi gari linapokuwa na shehena. Hili la mwisho ndilo la maana kwa mtu wa biashara, na halihitaji gari liwe refu sana. Linahitaji springi inayolingana na uzito.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inanyanyua inchi ngapi?" bali "imetengenezwa kwa mzigo wa kilo ngapi?" Watengenezaji wakubwa wa vifaa hivi, wakiwamo wa Australia kama Old Man Emu, Tough Dog na Ironman, huuza springi za gari moja katika madaraja tofauti: kwa gari tupu, kwa mzigo wa kudumu wa kilo 300 hivi, kwa kilo 500, na kuendelea. Neno "kudumu" lina uzito hapo. Linahesabu vitu ambavyo gari hubeba siku zote, kama bampa la chuma, winchi, tangi la pili la mafuta, boksi la vifaa na kipando cha abiria. Mzigo wa mara moja kwa wiki hauhesabiwi.

Anayeweka springi ya kilo 500 kwenye pikapu inayotembea tupu siku nne kati ya saba atajuta. Nyuma itaruka kwenye mikunjo ya barabara, tairi litaacha kugusa ardhi, na katika kona ya vumbi mkia utataka kutangulia mbele. Springi laini mno nayo hukaa chini ikipata mzigo, ikagonga raba za chesi, na mshtuko wote ukaenda kwenye chesi yenyewe. Nyufa za chesi nyuma ya kibanda cha dereva mara nyingi huanzia hapo.

Kila gari na tabia yake

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo ndiyo gari la kazi la Arusha kuanzia kampuni za utalii hadi wakandarasi, ilibadilika mwaka 1999. Zilizotangulia zilikuwa na springi za majani mbele na nyuma. Pikapu ya 79 iliyofuata ina springi za koili mbele na majani nyuma. Tofauti hii si ndogo. Ukinyanyua mbele ya 79 kwa koili ndefu, mikono inayoshika ekseli huizungusha kidogo, na ule mwinamo wa kwenda nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua. Dereva huona usukani umekuwa mwepesi, akafurahi. Akifika kilomita 90 kwa saa kwenye lami ya Kisongo gari linaanza kutangatanga. Tiba yake ni bushi maalumu za kurekebisha mwinamo huo, au mikono iliyotengenezwa kwa urefu mpya. Fundi anayesema hazihitajiki hata baada ya kunyanyua sentimita tano mwulize mara ya pili.

Toyota Hilux ina historia ndefu zaidi. Zile za zamani zenye ekseli nzima mbele zilitumia majani. Zikafuata zenye vyuma virefu vya kujisokota, ambavyo fundi anaweza kuvinyanyua kwa kukaza bolti mbili tu. Urahisi huo ndio uliowaponza wengi. Kukaza bolti hakuongezi nguvu yoyote katika chuma kile. Kunabadilisha tu mahali pa kuanzia, na kunakula nafasi ambayo gurudumu lilikuwa nayo ya kushuka kwenye shimo. Kuanzia toleo la mwaka 2005 Hilux ina koili mbele, na kila gurudumu linajitegemea. Hapa kikomo ni shafti fupi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Zikilazimishwa kukaa kwa pembe kali, jointi zake huchakaa na raba zinazozifunika huchanika. Raba ikichanika, vumbi la Meru, ambalo ni jepesi kama unga na kali kama msasa, hufanya kazi iliyobaki katika muda mfupi. Kwa gari za aina hii, sentimita nne hadi tano ndio mpaka wa busara. Anayetaka zaidi ya hapo hana budi kushusha difu ya mbele na kubadilisha mikono ya juu, na gharama inaanza kufanana na ya kununua gari jingine.

Land Rover Defender, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016 katika umbo lake la zamani, ina koili pande zote nne. Bado zipo nyingi katika njia za Loliondo na Longido. Kanuni ya mwinamo wa usukani inaihusu vilevile.

Njia za mkato

Zipo njia tatu za mkato zinazoonekana mara kwa mara, na ubaya wake haulingani.

Ya kwanza ni kuongeza jani kwenye springi za nyuma, mara nyingi jani lililotolewa kwenye gari kubwa zaidi. Jani likiwa na mkunjo unaofanana na wenzake, na likiwekwa na fundi anayejua mpangilio, si dhambi. Likiwa limenyooka au gumu kuliko mengine, linabeba peke yake na linavunja lililo juu yake.

Ya pili ni kurefusha pingili zinazoshika mwisho wa springi. Pingili ikiongezwa sentimita tano, gari hupanda takriban nusu yake, na katika magari yenye majani mbele mwinamo wa usukani huharibika papo hapo.

Ya tatu ni kuweka tofali la chuma kati ya ekseli na springi. Nyuma, tofali fupi la kiwandani lililoshikwa kwa yuboti ndefu mpya linavumilika. Mbele halifai kabisa. Nguvu ya breki hulisukuma, na likichomoka gari halina tena usukani. Vipande vya mti, bomba lililokatwa na chuma cha kuchomelea vimeonekana mahali hapo, na pengine msomaji naye amewahi kuviona.

Breki: jambo linalosahaulika

Pikapu nyingi, hasa Hilux za miaka mingi, zina kifaa kidogo karibu na ekseli ya nyuma chenye fimbo inayounganisha chesi na ekseli. Ni vali inayopima mzigo. Gari likiwa tupu, nyuma inakuwa juu, fimbo inashuka, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Gari likipakiwa, nyuma inashuka, fimbo inapanda, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi.

Sasa fikiria gari lililonyanyuliwa nyuma sentimita tano bila kuigusa fimbo hiyo. Vali inadhani gari ni tupu, hata pale lilipobeba tani nzima. Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, na za mbele zinabeba shehena yote. Kwenye tambarare ya Majengo au Sakina dereva hatagundua kitu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda pikapu ya namna hiyo ikiteremka kutoka Karatu na vitunguu vya Mang'ola. Ilikuwa imenyanyuliwa nyuma wiki mbili kabla, kwa majani na pingili, katika gereji ambayo haina haja ya kutajwa. Kwenye mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa, juu ya Mto wa Mbu, harufu ya kuungua iliingia ndani ya kibanda kabla ya kona ya tatu. Kwenye kona ya nne pedeli ilikuwa laini. Dereva, mtu mzima aliyeizoea njia ile, alirudisha gia hadi ya pili na kuliegemeza gari ukingoni, tukakaa hapo karibu saa nzima tukisubiri diski zipoe. Fundi aliyelikagua baadaye mjini hakubadilisha kitu kikubwa. Alirefusha kishikio cha fimbo ile kwa kiasi gari lilivyopandishwa, akatoa upepo kwenye mabomba ya breki, basi. Kazi isiyozidi saa moja.

Kuna na mpira wa breki unaoning'inia kati ya chesi na ekseli. Gari likinyanyuliwa, mpira huo hubaki mfupi. Gurudumu likishuka kwenye shimo huvutika, na siku moja hukatika. Kabla ya kulipa, mwambie fundi apandishe chesi kwa jeki hadi ekseli ining'inie kabisa, kisha mtazame pamoja kama mpira, waya wa breki ya mkono na bomba la kupumulia la difu vina nafasi.

Shokapu nazo zina hesabu hiyo hiyo. Shokapu ya zamani kwenye springi ndefu inakuwa ndiyo kamba inayozuia ekseli kushuka, na itang'oka. Nunua yenye urefu uliolingana na springi mpya. Kwa njia za Serengeti na Loliondo, kinachoua shokapu ni joto: mikunjo ya barabara huitikisa mara nyingi mno kwa dakika, mafuta ndani yake huchanganyika na hewa na kutoa povu, na kuanzia hapo inapanda na kushuka bila kuzuia chochote. Zenye gesi ya naitrojeni huchelewa kufikia hali hiyo. Ukitelemka na kuigusa shokapu, ikawa ya moto upande mmoja na baridi upande mwingine, ile ya baridi ndiyo iliyokufa.

Kulisoma tairi

Arusha iliwahi kuwa mji wa matairi. Kiwanda cha General Tyre, ambacho Serikali ilikuwa na hisa nyingi pamoja na mbia wa kigeni, kilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo kila tairi linalouzwa hapa limetoka mbali, kwa majina mengi ambayo mnunuzi hajawahi kuyasikia. Ndiyo maana inafaa kusoma maandishi ya ubavuni kuliko kutegemea sifa za muuzaji.

Chukua tairi lililoandikwa 235/85R16. Upana ni milimita 235. Kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, yaani kama milimita 200. Ringi ni inchi 16, sawa na milimita 406. Jumlisha ringi na mbavu mbili, utapata kimo cha milimita 806 hivi. Kimo hicho ni karibu sawa na kile cha 7.50R16, tairi jembamba la Land Cruiser za kazi linalotumia tyubu na ringi za vipande. Hivyo anayetaka kuachana na tyubu anaweza kuhamia 235/85R16 kwenye ringi nzima bila kuvuruga gia wala kipima mwendo. Kwa hili msomaji asione haya kutumia kikokotoo cha simu palepale dukani.

Hilux nyingi za karibuni hutoka na 265/65R17, yenye kimo cha milimita 776. Ukihamia 265/70R17, kimo ni 803. Difu imepanda milimita 13. Kipima mwendo kikionyesha 80, gari liko karibu 83. Hayo yanavumilika na mara nyingi hayahitaji kunyanyua gari kabisa. Lakini Hilux ya zamani yenye 205R16 na injini ya 3L isiyo na tabo, ukiivisha 235/85R16, inabeba tairi refu kwa karibu asilimia 10. Kipima mwendo kikisema 80, uko 88. Injini iliyokuwa inapanda mlima wa Rhotia kwa gia ya tatu itaomba ya pili, na breki zitasimamisha gurudumu zito zaidi kwa pedi zilezile.

Baada ya kipimo ipo namba ya uzito. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Herufi inayofuata ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Tairi la gari dogo la kifahari linaweza kuwa na kipimo kinachoingia kwenye ringi yako na bado likapasuka kwa mzigo wa mahindi. Tafuta herufi LT au C, ambazo huonyesha tairi la gari la mizigo.

Kisha tazama tarehe. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne katika kiduara. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka saba linang'aa kama jipya, hasa likipakwa dawa, lakini mpira umekauka. Katika mitumba tarehe hii hukwanguliwa mara nyingine. Ukiona ubavu umekwanguliwa hapo, ondoka.

Matope au lami?

Matairi ya matope, yenye vinundu vikubwa na herufi MT, yanapendwa kwa sura. Kwenye udongo mweusi wa masika yanafanya kazi kweli, kwa kuwa nafasi kati ya vinundu hujisafisha gurudumu linapozunguka. Lakini kwenye lami yenye maji sehemu inayogusa barabara ni ndogo, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Pia huisha haraka. Yenye herufi AT ni ya katikati, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yanayofaa pikapu nyingi za Arusha, ambazo hata zikifanya kazi porini hulala mjini. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni ubavu. Kwenye mawe ya volkano ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron, pancha za katikati ya tairi huzibwa kwa dakika kumi. Tairi lililochanika ubavuni halizibiki.

Upepo nao ni kipuri, tena hauuzwi ghali. Kipimo kimeandikwa kwenye mlango wa dereva. Kwenye tope au mchanga mzito, kupunguza hadi psi 20 hivi huongeza mshiko kuliko kubadilisha tairi lenyewe, ilimradi uende polepole na ujaze tena kabla ya kushika lami. Pampu ndogo ya umeme ina thamani kuliko taa za juu ya paa.

Mwenye kipato kidogo anayeuliza aanze na kipi, jibu ni matairi mazuri ya kipimo cha kiwandani, kisha shokapu, kisha bushi. Springi zije mwisho, na zije tu kama mzigo unazidai. Aidha, bima ielezwe mabadiliko yoyote makubwa kwa maandishi, kwa kuwa kampuni yako inaweza kukataa dai la gari ambalo halifanani na lile iliyolikatia.

Springi zikifungwa, yuboti ziwe mpya, na bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani, raba hujisokota na kupasuka ndani ya miezi michache. Kutoka hapo peleka gari kupimwa uelekeo wa magurudumu, shusha mwanga wa taa usiwapofushe wanaokuja, kisha pakia mzigo wa kawaida na uende hadi Ngaramtoni na kurudi. Baada ya kilomita 500 rudi kwa fundi yuleyule na spana yake, akaze yuboti zote upya ukiwa unamtazama.